Ratili za Sukari kwa Mkuu wa Shule

Sardis Fork, Alabama
9 Septemba 1996

Mwanangu Renetta,

Nakusalimu sana, na nikimaliza nakusalimu tena kwa niaba ya wote hapa nyumbani. Baba yako anakusalimu. Hajambo, ila goti, na goti lenyewe linamuuma siku za kukata majani tu. Siku za kuvua samaki linapona. Shangazi yako Ludie anakusalimu kutoka ng'ambo ya barabara, anasema ule mkoba uliomletea Pasaka umekatika mkanda, lakini hasemi huwa anabebea nini. Kaka yako Curtis na mkewe wanakusalimu. Mtoto wao ameota jino, na siku ya kuwekwa wakfu alimng'ata Mchungaji Gaines kidole. Mchungaji Gaines mwenyewe anakusalimu, kidole kimepona. Dada Orr wa kwaya anakusalimu, na mumewe Shemasi Orr angekusalimu kama si kununa. Hata yule mbwa wa akina Purifoy anayelikimbiza basi langu la shule kila asubuhi nadhani anakusalimu, maana leo amebweka kwa upole.

Sasa. Jumapili nilikupigia simu, likanijibu lile dude lako la kupokea simu kwa sauti yako. Nikasema, "Renetta, ni mama." Likaendelea kuongea tu. Sikukulea umkatize mama yako maneno. Nikakata, na ndiyo maana nakuandikia.

Curtis ameniambia umeanza chuo tena. Tena! Mimi nilidhani ulipopata ile shahada ya uzamili tulipiga picha, tukala keki, tukamaliza. Vyeti vyako vitatu viko ukutani sebuleni, na nafasi iliyobaki ni ya picha ya Yesu, ambayo siiondoi. Dada Orr aliniuliza hiyo mpya inaitwaje. Nikamwambia ni ya juu. Akauliza, "Juu ya ipi?" Nikamwambia yeye aangalie kwaya. Lakini na mimi nauliza: ni ya juu ya ipi? Na unakula saa ngapi? Unafundisha mchana kutwa huko Huntsville, kisha unaendesha gari kwenda chuoni kwenye barabara yenye malori. Kila nikisikia honi ya lori naomba.

Jambo lenyewe ni hili. Bwana Posey anastaafu Juni. Alitwambia sisi madereva mwenyewe pale yanapoegeshwa mabasi. Shule yetu itakuwa haina mkuu, na wewe unasomea uongozi. Mimi niliishia darasa la saba lakini hapo sihitaji kufundishwa. Rudi nyumbani uwe mkuu wa shule uliyosomea. Sitaki zawadi nyingine Krismasi, hata ile kanzu ya kulalia.

Baba yako anachungulia hapa, anasema nimeandika mengi. Hajui bado sijaanza.

Mama yako,
Mozelle Tarver

*

Huntsville
29 Septemba 1996

Mama yangu mpenzi,

Nakuamkia kwa heshima, wewe na baba na goti lake. Mwambie shangazi Ludie nitamletea mkoba mwingine, wa turubai. Mpe pole Mchungaji. Mimi ni mzima na ninakula. Jana nilikula mara mbili.

Samahani kwa lile dude. Ukisikia mlio, ndipo unaongea. Linakusubiri, mama, halikukatizi.

Shahada hii inakaa katikati, kati ya uzamili na udaktari. Kwa hiyo tafadhali sana usimwambie mtu kwamba mimi ni dakta. Ni shahada ya mtaalamu wa elimu, upande wa uongozi. Tunasoma bajeti, tunasoma sheria za shule, tunajifunza kumsikiliza mwalimu aliyekasirika bila sisi kukasirika. Profesa wetu, Dakta Whitlow, anavaa tai ya kipepeo na anatupa visa: mzazi amefika ofisini na sufuria ya maharage ya shule, anadai mwanawe amepewa mabichi, fanya nini? Watu walitoa majibu marefu. Mimi nilisema ningeyaonja. Akacheka mpaka akavua miwani.

Mwezi ujao naanza mazoezi ya uongozi hapa hapa shuleni kwetu, chini ya mkuu wangu, Bibi Kendrick. Nikimaliza kazi zote, Julai mwakani nitasimama mbele ya maprofesa watatu kuitetea kazi yangu ya mwisho.

Kuhusu Bwana Posey: mpe salamu zangu, na umwambie amestahili kupumzika.

Wako,
Renetta

*

Sardis Fork
14 Oktoba 1996

Mwanangu Renetta,

Wote wanakusalimu kama wale wa mara iliyopita, kwa mpangilio ule ule, ila goti limehamia mguu wa pili.

Salamu zako nimempa Bwana Posey. Amekushukuru. Lakini mimi sikukuuliza habari ya salamu. Nilikuuliza utarudi lini, ukanijibu habari ya maharage. Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa na miwani ya baba yako, na jibu silioni.

Hiyo ya katikati nimeielewa. Ni kama kituo cha mwisho cha basi langu: umeshavuka daraja lakini hujafika shule. Nimemweleza Dada Orr hivyo, akasema, "Basi kwa nini asiendelee mpaka afike?" Nikamwambia wengine wetu hata darajani hatukufika, yeye akiwa mmoja wao na mimi nikiwa mwingine. Tukacheka.

Jumapili iliyopita ilikuwa ile ya watoto wote wa kanisa kurudi nyumbani. Walirudi wa Detroit, walirudi wa Chicago, hata yule kijana wa Mabry mwenye meno ya dhahabu. Wa Huntsville hakurudi, alikuwa na mtihani. Chakula tulipanga uani: kambare wa kukaanga, mboga za majani na nyama ya moshi, pai za viazi vitamu za Ludie ambazo siku hizi anazidisha karafuu. Sahani yako niliipakua hata hivyo. Baba yako akaila.

Kisha nikasimama wakati wa matangazo. Nilisema neno dogo tu. Nilisema, "Mwombeeni binti yangu anayesomea uongozi wa shule, na muiombee shule yetu ambayo mwakani haina mkuu." Hayo tu. Niliyasema moja baada ya jingine, ndiyo. Watu wakijumlisha wenyewe, mimi nifanyeje?

Vaa sweta. Jibu swali.

Mama

*

Huntsville
24 Novemba 1996

Mama mpenzi,

Nakuamkia, na naomba radhi kwa kuchelewa. Waamkie wote. Nimeanza mazoezi, na Bibi Kendrick amenipa kazi ya kwanza ya uongozi: foleni ya mabasi saa za kutoka. Usicheke.

Nilichora mpango. Nikaweka koni za plastiki za rangi ya chungwa barabarani, kila basi na mahali pake. Siku ya kwanza dereva mmoja, Bwana Tubbs, akashuka, akaziokota zote, akazipanga kwenye ngazi za shule moja moja kama vyungu vya maua, akarudi kwenye basi lake. Nikamwendea. "Bwana Tubbs, naomba ufuate mpango." Akaniambia, "Binti, mimi nafuata kona. Mpango wako hauna nafasi ya kukata kona." Niliwaza moyoni, huyu anamjua mama yangu. Basi nikaketi na madereva, tukanywa kahawa, tukachora upya pamoja. Sasa foleni inakwenda, nami nimeandika kurasa nyingi kuihusu kwa ajili ya Dakta Whitlow.

Katika somo la sheria tulitakiwa kusoma kitabu cha kanuni za wilaya yoyote. Mimi nilisoma cha wilaya ya nyumbani. Nimejifunza mambo.

Mama, nikuulize kitu, na unijibu kweli. Bado unaipenda kazi ya basi? Ukiambiwa uiache, ungejisikiaje? Nauliza tu, ni kwa ajili ya masomo.

Wako,
Renetta

*

Sardis Fork
3 Desemba 1996

Mwanangu Renetta,

Salamu za wote, na leo ongeza za Bwana Tubbs, maana nampenda kabla sijamwona.

Masomo gani hayo yanayouliza mtu kama anapenda kazi yake? Mwambie profesa wa tai ya kipepeo aje apande Basi Namba Kumi na Nne, nitamweka kiti cha mbele, nyuma kwenye matuta tai itamruka. Lakini umesema nijibu kweli, najibu.

Ninapoliwasha asubuhi bado kuna umande kwenye kioo, na hita inanuka krayoni iliyoyeyuka humo mwaka ule mtoto wa Mabry alipoisukuma ndani. Harufu haijatoka na sitaki itoke. Naweka kaseti ya kwaya. Kituo cha kwanza ni mapacha wa Dawson, wanapanda wakigombana, wanashuka wakigombana, katikati wanalala wameegemeana. Kwa Purifoy mbwa ananisindikiza mpaka kwenye sanduku la posta, hapo anageuka kama amelipwa. Darajani napiga honi mbili kwa ajili ya mzee Ennis, ambaye hatoki tena nje lakini huwa anapepea pazia. Siku pazia lisipopepea, nasimamisha basi. Na hivyo ndivyo tulivyomkuta ameanguka mwaka juzi, akanilaumu kwa kuchelewa.

Wewe mwenyewe ulipanda basi langu, ukiona haya. Ulikuwa ukishuka unasema "Asante, Bi Mozelle" kama hunijui. Nami nikawa naitika, "Karibu, Binti Tarver." Halafu jioni nakupikia.

Kwa hiyo mwandikie profesa: siku watakayonitoa kwenye lile basi, wanitoe na kiti.

Sasa nami nakuuliza, si kwa ajili ya masomo: utaomba nafasi ya Bwana Posey au hutaomba? Shemasi Orr kila Jumapili ananiuliza, "Mkuu anakuja lini?" kwa sauti ile yake. Ukija Krismasi utaniambia usoni. Nitatengeneza keki ya nazi.

Mama

*

Huntsville
14 Januari 1997

Mama mpenzi,

Nakuamkia wewe na baba na wote. Asante kwa Krismasi na kwa keki. Nilitaka kukuambia pale jikoni, lakini ulikuwa unaimba, nikakausha vyombo tu.

Sitaomba nafasi ya Bwana Posey. Hapa Huntsville kuna shule inayonitaka niwe mkuu msaidizi. Ni kazi nzuri. Naomba usiniulize sababu, na naomba usidhani ni kwa sababu ya nyumbani. Nyumbani napapenda.

Nisamehe.

Renetta

*

Sardis Fork
2 Februari 1997

Kwa Renetta Tarver,

Salamu. Tupo.

Barua yako ilifika. Sijakasirika. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na kazi. Baba yako anasema mtu asiyekasirika hasafishi jiko mara tatu kwa wiki moja, lakini yeye hajui majiko.

Umesema nisiulize sababu, siulizi. Huntsville ni mji mkubwa, una maduka. Sisi hapa tuna duka moja, na linauza chambo na nyama kwenye jokofu moja. Najua. Mtu akisoma sana macho yake huzoea mbali. Sikulaumu. Nilikuwa nikikuambia soma, sikukuambia mpaka wapi.

Jumapili moja kabla barua yako haijafika tulikuwa na wageni kidogo hapa nyumbani. Si kitu. Ila ukija Pasaka utalala sebuleni, maana mlango wa chumba chako haufunguki vizuri.

Vaa sweta.

Bi Mozelle Tarver

*

Huntsville
23 Februari 1997

Mama yangu,

Umeniwekea saini "Bi Mozelle Tarver." Nimeilia barua hiyo, halafu nimeicheka, halafu nimeilia tena.

Lile dude langu limepokea ujumbe. Shangazi Ludie ameongea mpaka utepe ukaisha. Sehemu niliyoelewa ni hii: "Renetta, mimi simo, mimi sijasema kitu, lakini mama yako amelala na unga mpaka mlangoni na Shemasi Orr anataka sukari yake." Halafu akamkemea kuku.

Mama, chumbani kwangu kuna nini?

Na sikiliza. Macho yangu hayajazoea mbali. Sababu ipo, na si ya maduka. Siwezi kuisema kwa sababu nikiisema utafanya jambo, nakujua.

Renetta

*

Sardis Fork
16 Machi 1997

Mwanangu Renetta,

Leo salamu zitasubiri, kaa kitako.

Nianze na chumba. Unakumbuka kanisa lilivyompokea Mchungaji Gaines alipofika, kila nyumba na ratili yake mkononi, ratili ya unga, ratili ya mchele, ratili ya kahawa, ili mgeni asianze maisha na kabati tupu. Basi baada ya matangazo yangu yale Dada Orr akasimama kwenye kikao cha kina mama, akasema mkuu wa shule naye apokewe hivyo. Shemasi Orr akapinga. "Ratili ni za mchungaji." Mkewe akamjibu, "Jumapili kanisani tuko wangapi? Na Jumatatu shuleni wako wangapi? Haya, nani ana kundi kubwa?" Shemasi akaenda kununua sukari.

Wakaja wote Jumapili ile, baada ya ibada, wakiimba. Mimi niko mlangoni na aproni. Ningesema nini? Kwamba hujaomba hata kazi yenyewe? Nikasema, "Ingieni." Na kwa sababu hakuna aliyemuuliza mwenzake analeta nini, karibu wote walileta sukari. Mwanangu, chumba chako ni sukari. Kuna unga kiasi, kuna mchele, kuna ndoo ya mafuta ya nguruwe kutoka kwa mzee Ennis, na kuna sukari mpaka dirishani. Siagi hakuna hata ya kupaka mkate. Kisha Jumanne barua yako ikafika. Siwezi kuirudisha sukari, maana hakuna aliyeandika jina. Siwezi kuila, maana si yangu. Nimekuwa mlinzi wa ghala.

Sasa la pili. Ulipoandika kwamba ukisema nitafanya jambo, nilienda kufanya jambo. Nilimvamia Bwana Posey ofisini. Akasema, "Bi Mozelle, keti." Nikasema, "Nimesimama. Umemfanya nini mwanangu hata asiitake shule yako?" Akavua miwani akaipangusa kwa tai. "Anaitaka. Alikuja kuniona Krismasi, akakaa hapo hapo uliposimama wewe, akalia. Ni kanuni ya bodi ya shule za wilaya. Mkuu wa shule hawezi kumsimamia mama yake. Siku Renetta anaingia kwa mlango huu, wewe unarudisha funguo za basi." Nikauliza, "Kwa nini hakuniambia?" Akasema, "Alisema umemwandikia kwamba watakutoa na kiti."

Hapo nikaketi.

Renetta. Umeniuliza kama kwa ajili ya masomo, nikakujibu kama mama anayejisifu, ukaenda kukata shauri peke yako na kunificha. Ndiyo uongozi mnaofundishwa huo? Bwana Tubbs ulimnywesha kahawa mkachora upya pamoja. Mimi mama yako sikupata hata kikombe!

Nilikwenda nikakaa kwenye basi langu, peke yangu, limezimwa. Nilikaa sana. Nililia kidogo, sitakudanganya. Halafu nikawaza: mimi naweza kuendesha popote penye barabara. Lakini shule iliyokufundisha kusoma iko moja tu.

Kwa hiyo nimekwenda Lowry. Ndiyo, Lowry, kwa wapinzani wetu wa mpira wa kikapu wanaojiita Dubu, wale wale. Dereva wao wa njia ya kinuni anahamia kwa binti yake. Msimamizi wao wa mabasi, Bwana Hutto, akaniangalia juu mpaka chini. "Tarver wa Sardis Fork? Si wewe uliyepiga honi nje ya ukumbi wetu mpaka mchezaji wetu akakosa kikapu?" Nikasema, "Ni mimi." Akasema, "Mtu anayejua kupiga honi hivyo ni heri awe kwetu. Unaanza Agosti." Akanipa jaketi. La zambarau, Renetta. Lina dubu mgongoni. Nilipoingia nalo nyumbani baba yako alicheka mpaka akashika magoti yote mawili.

Fomu za maombi zinafungwa mwisho wa mwezi. Sasa ni zamu yako, na usinifiche kitu. Wote wanakusalimu.

Mama yako Mozelle (Bi Tarver amesafiri)

*

Huntsville
21 Machi 1997

Mama yangu, mama yangu,

Nakuamkia mara nyingi. Barua yako niliisomea ndani ya gari mbele ya posta, na mtu akagonga kioo kuuliza kama nahitaji msaada. Nikamwambia mama yangu amekuwa Dubu. Akaondoka.

Una haki. Nilikata shauri juu yako bila wewe. Nimemsimulia Dakta Whitlow kisa hiki bila majina, akaniuliza, "Kiongozi huyo alikosea wapi?" Nikasema, "Hakumpa mama yake kahawa." Amesema nikiandike kwenye kazi yangu ya mwisho, sura ya nne.

Maombi nimeyatuma leo asubuhi. Bodi inaweza kumchagua mtu mwingine, mama, ujue hivyo. Wakinikataa utakuwa umevaa zambarau bure.

Wakinichukua, nina sharti moja. Siku ya kwanza ya shule upite na basi lako barabara ya shule yetu.

Wako,
Renetta

*

Sardis Fork
15 Juni 1997

Kwa Mkuu wa Shule ya Sardis Fork, ambaye pia ni mwanangu,

Baba yako anakusalimu, goti limepona tangu bodi ilipopiga kura, na amekata majani bila kuambiwa. Ludie anakusalimu, anasema yeye ndiye aliyefanikisha yote kwa ule ujumbe. Curtis na mkewe wanakusalimu, jino la pili limetoka, Mchungaji anakaa mbali. Dada Orr anakusalimu. Na Shemasi Orr anakusalimu, kwa mara ya kwanza, kwa hiari yake. Alisimama kanisani akasema amemjua mkuu tangu akiwa mdogo na hakuwahi kuwa na shaka. Kanisa zima likakohoa.

Ijumaa niliendesha Namba Kumi na Nne mara ya mwisho. Mapacha wa Dawson waliacha kugombana, ikanitia hofu kuliko kitu chochote. Mbwa wa Purifoy alipita sanduku la posta, akaja mpaka darajani. Nilipiga honi mbili na pazia likapepea mpaka likaanguka na fimbo yake. Atakayelichukua basi ni Verlene Stamps. Anakanyaga breki kama anaua nyoka. Nimemwonyesha mahali pa kupiga honi, na nimemwambia kama pazia halikupepea afanye nini. Utamsimamia wewe. Umwangalie, lakini umpe kahawa kwanza.

Ukiwa huko Huntsville unafungasha, usije ukaniambia umechoka na ile shahada ya katikati kwa kuwa kazi umeshapata. Julai utasimama mbele ya hao maprofesa watatu na sura yako ya nne. Picha ya Yesu nimeisogeza kushoto kidogo. Nilimweleza, naamini ameelewa. Msumari uko tayari ukutani, Ludie keshajikwaruza nao mara moja.

Sharti lako nimelikubali. Siku ya kwanza ya shule nitakuwa na watoto wa Lowry nyuma, na njia ya kinuni haipiti kwetu, lakini Bwana Hutto anasema hajaona kanuni inayokataza kuzunguka. Ukisikia honi mbili getini, na ukiona zambarau, usinipungie mkono sana. Wewe ni mkuu, watu wanaangalia. Sema tu, "Asante, Bi Mozelle." Nami nitaitika kama zamani.

Sasa la haraka. Kina mama wanataka kukutengenezea keki ya kukupokea, kubwa, ya kutosha shule nzima. Sukari tunayo. Unga tunao. Njoo na siagi, mwanangu, na usilete ratili moja. Niandikie upesi siku utakayofika, upesi sana, maana sisimizi wameshaijua njia ya chumbani kwako na mimi siwezi tena kuwadanganya kwamba hakuna kitu.

Mama yako